Siku Wazee Wetu Walipofutwa

Juzi mzee mmoja alikaa karibu nami kwenye benchi la hospitali, koti lake likinuka naftalini, na mimi mtu mzima mwenye watoto wangu nikajikuta nimeona aibu hadi masikio yakapata moto. Hakuwa amenifanyia chochote. Aliniuliza tu kama foleni inasogea. Lakini harufu hiyo ya koti linalokaa sandukuni likisubiri harusi na misiba niliwahi kuisikia katika chumba cha intaneti cha Kaka Gaspa, mjini Sumbawanga, na tangu siku hiyo pua yangu haijaisamehe.

Wa rika langu mnakumbuka intaneti ilivyotufikia. Ghala la ushirika lilikuwa limefungwa zamani, wafanyabiashara wa mahindi wakaja na mafuso yao na mizani zao, na vyumba vya ghala vikakodishwa kimoja kimoja. Hiki kikawa saluni, kile duka la mitumba, na cha mwisho akakichukua Gaspa, mtoto wa shangazi yangu. Alikuwa na kompyuta chache zenye visogo vikubwa, dishi juu ya bati, na jenereta nyuma ya nyumba iliyonguruma kila umeme ulipokatika, yaani karibu kila siku. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, nakaa kwa shangazi. Baada ya shule nilifagia chumba kile na kupangusa vumbi kwenye mashine, na kukiwa hakuna mteja Gaspa aliniachia nikae kwenye ile ya pembeni.

Siku moja akaniita. "Skola, njoo uone maajabu. Kijiji chenu kimo kwenye intaneti."

Ilikuwa ile kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na watu wengi, kwa Kiswahili. Palikuwa na jina la kijiji chetu, na chini yake sentensi moja tu, kwamba ni kijiji katika Mkoa wa Rukwa, Tanzania. Chini zaidi walisema makala hiyo bado ni mbegu, na anayejua zaidi aongeze. Furaha yangu haikukaa. Kijiji chetu, chenye kanisa la matofali ya kuchoma na kijito kisichokauka hata Oktoba, kimesemwa kama mtu anavyomsema mpita njia asiyemfahamu! Nilikasirika kama vile wamenitukania mama.

"Nani anaruhusiwa kuongeza?" nikauliza.

"Yeyote."

"Yeyote nani?"

"Yeyote, Skola. Hata wewe. Unabonyeza hapo palipoandikwa hariri."

Sikumwamini. Kwetu ukaribisho una adabu zake. Ukimkuta mtu anakula atakwambia karibu, nawe utajibu asante, nimeshiba, na utapita zako hata kama tumbo linaunguruma. Nilidhani hilo "yeyote" ni la namna hiyo. Nilidhani pia kwamba nyuma ya kile kioo iko nyumba, na ndani yake wamekaa wazee wenye hicho kitabu, wanamtazama kila anayeingia kuandika. Watoto wa leo watanicheka. Lakini kila nikifikiria yaliyotokea baadaye, naona sikukosea sana.

Shule zilipofungwa nilirudi kijijini nikamweleza baba. Baba yangu, Leonsi, alikuwa katekista wa kigango chetu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kola iliyofuliwa hadi ikachanika, na sifa yake moja ilijulikana hadi vijiji vya jirani, kwamba hasemi uongo. Watu wakibishana juu ya mpaka wa shamba au siku ya mnada, mmoja akisema "kamuulize Leonsi," ubishi umekwisha. Nilitarajia atacheka habari zangu. Badala yake alivaa viatu, akanichukua hadi kwa Mzee Filibati.

Mzee Filibati ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote kijijini, na mambo ya watu wote yalizungumziwa uani kwake. Wazee wengine wawili nao wakaitwa. Nilipiga magoti, nikapiga makofi ya taratibu kama msichana wa Kifipa anavyofundishwa, wakaniitikia, ndipo baba akasema shida yangu. Walizungumza mchana kutwa. Walinieleza nani aliyekata mti wa kwanza karibu na kijito, na kina nani walioyajenga malungu, yale matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma ambayo sisi watoto tulicheza kujificha ndani yake. Wakanieleza kwa nini tunafukia nyasi kwenye matuta ya duara kabla ya kupanda, na jinsi kengele ya kanisa ilivyopandishwa kutoka bandari ya Kasanga ziwani, mabegani mwa wanaume, ikining'inia kwenye mti mmoja mrefu.

"Baba yangu alishika upande wa mbele," Mzee Filibati akasema. "Uandike hivyo. Watu wanasema alikuwa nyuma. Upande wa mbele."

"Nitaandika, babu."

"Upande wa mbele," akarudia, akamgeukia baba. "Leonsi, usimwache asahau."

Baba hakuniacha. Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi barabarani akinisikiliza nikisema yote kwa moyo, kama alivyokuwa akiwasikiliza watoto wa katekisimu. Nilipomaliza aliniuliza, "Na kabla ya hayo utaanza na nini?"

"Nitaanza na mahali kijiji kilipo."

"Hapana. Unaingia kwenye nyumba ya watu unaanza tu kusema? Utawasalimia kwanza wenye kitabu. Kisha utataja waliokutuma, mkubwa akitangulia. Ndipo useme ulilonalo. Wasijeuliza huyu mtoto amelelewa na nani."

Nikaona amesema jambo ambalo Gaspa, pamoja na ujanja wake wa mjini, hakulijua.

Basi nikaandika. Kwa kidole kimoja, nikitafuta kila herufi kama kuokota mawe kwenye mchele. Nilianza hivi: Shikamooni wazee wote mliomo katika kitabu hiki, mimi ni Skolastika binti Leonsi katekista, nimepiga magoti. Nimetumwa na Mzee Filibati. Nikawataja na wale wawili, kila mmoja na ukoo wake. Ndipo nikaingia kwenye kijito, malungu, matuta na kengele. Upande wa mbele niliuandika kwa herufi kubwa. Kabla ya kuhifadhi niliangalia kama Gaspa ananiona, nikapiga makofi kidogo mbele ya kioo. Aliniona. Alicheka hadi akashika meza.

"Bonyeza hapo, binti Leonsi," akasema.

Nikabonyeza. Ukurasa ukazunguka, ukapotea, ukarudi, na maneno yangu yakawa pale, meusi, yamepangwa, yanafanana na maneno ya kitabu chochote. Sijui kama nimewahi kujisikia mkubwa vile tena, hata siku ya harusi yangu. Nilimtuma dereva wa fuso apeleke habari nyumbani, na Jumapili baba akasimama baada ya ibada akatangaza kwamba kijiji chetu kimeandikwa, na mwenye macho popote duniani anaweza kukisoma. Mama aliniambia watu walipiga vigelegele. Wazee wakasema haya si mambo ya kuambiwa, tutakwenda kuona wenyewe.

Walifika siku ya gulio, pamoja na magunia ya mahindi. Mzee Filibati aliketishwa mbele kwa dereva, wengine na baba walikaa juu ya mzigo, na wote walikuwa wamevaa nguo za Pasaka. Mzee Filibati ndiye aliyevaa koti lile jeusi la naftalini, na mikono yake mikavu ilikuwa imepakwa mafuta. Walivua kofia mlangoni. Kisha yule mzee akachutama pale sakafuni, akapiga makofi ya salamu kwa chumba kizima, watu na mashine.

Palikuwa na vijana wawili kwenye kompyuta ya dirishani. Mmoja akamwambia mwenzake, "Oya mshikaji, cheki mzee anaisalimia kompyuta," wakacheka kwa pua. Niliona haya, na jambo lenyewe lilikuwa bado halijaanza.

Gaspa aliandika jina la kijiji. Ukurasa ulishuka polepole, kama ilivyokuwa kawaida wakati ule. Likaja jina, ikaja ile sentensi moja, kisha pakaja peupe.

"Yanakuja," nikasema. "Yanachelewa tu."

Pakazidi kuwa peupe. Gaspa akabonyeza mahali pengine, kwenye orodha ya mabadiliko, akasogeza uso karibu na kioo. "Aa," akasema chinichini, "wamefuta."

"Wamefuta nini?" Mzee Filibati akauliza.

"Aliyoandika Skola, mzee. Wameweka na sababu. Wanasema ni salamu na majina ya watu, si habari za kamusi. Wamerudisha ilivyokuwa mwanzo."

"Na majina yetu?"

"Yote yameondoka."

"Aliyeondoa ni nani?"

Gaspa akakuna kichwa. "Hajulikani, mzee. Kuna watu huwa wanaangalia wanaoandika. Hapa pana namba tu, jina hakuna."

"Yuko wapi?"

"Anaweza kuwa popote."

"Anatuona?"

"Anaona tulichoandika."

"Na sisi hatumwoni."

"Ndiyo, mzee. Hatumwoni."

Gaspa alizaliwa mjini, na hakujua anawaeleza nini watu wale. Kwetu, mtu asiyejulikana wala kuonekana, anayekuona wewe, kisha analichukua jina lako ungali hai na kulifuta, ana jina moja tu, na halitajwi ovyo. Niliwaona wale wazee wawili wakirudi nyuma kutoka kwenye kioo. Mmoja alikuwa ameshika rozari yake ndani ya mfuko, niliona mkono ukitembea. Hata wale vijana wa dirishani waliacha kompyuta yao wakageuka. Mzee Filibati akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya ukali hata kidogo.

"Mtoto," akasema, "majina yetu ulimpelekea nani?"

Nikafungua mdomo. Kweli sikujua nilimpelekea nani.

"Ni mimi," baba akasema.

Wote tukamtazama. Alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Mtoto aliandika vizuri. Ni mimi niliyekuja hapa juma lililopita nikamwambia Gaspa ayaondoe. Niliona hayajapangwa, nikataka mtoto ayaandike upya. Sikuwaambia. Gaspa ananistahi tu, hataki kunitaja mbele yenu."

Kabla ya siku ile baba hakuwa amekanyaga chumba kile. Gaspa alilijua hilo. Mimi nililijua. Gaspa akainamisha kichwa, akachukua kile kitambaa changu cha vumbi na kuanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

"Wewe, Leonsi?" Mzee Filibati akasema.

"Mimi, mzee."

"Na kengele?"

"Pamoja na kengele."

"Na baba yangu?"

"Pamoja naye. Nisamehe."

Mzee akavaa kofia yake mlemle ndani. Mtu wa kwetu anajua maana ya kuvaa kofia mbele ya mtu anayekuomba msamaha. "Adui angenifuta ningemwelewa," akasema. "Wewe umekula kwangu." Akatoka, wenzake wakamfuata, na mmoja wa wale vijana akampisha kwa heshima ambayo mwanzoni hakuwa nayo.

Tulibaki kibarazani, mimi na baba. Nilikuwa nalia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimezoea kwamba kama kuna mtu atasema kweli duniani ni yule aliyesimama mbele yangu.

"Baba, kwa nini umewadanganya?"

"Nyamaza kwanza." Alinifuta uso kwa kofia yake. "Wangeondoka hapa na habari ya mtu asiyejulikana, wangemtafuta. Na kwetu watu wakimtafuta mchawi hawajawahi kumkosa. Wangeanza na wewe. Wakikuhurumia kwa utoto wako, wangehamia kwa bibi kizee fulani asiye na mtu wa kumsemea. Mimi wananijua. Mimi si mchawi, ni mjinga tu."

"Wewe si mjinga."

"Leo ni mjinga. Halafu habari ya kusalimia nilikuambia mimi, haikutoka kwako. Usimwambie mtu. Nenda kwa shangazi yako."

Akavuka barabara kutafuta gari lingine, maana lile fuso lilikuwa limeondoka bila yeye.

Naambiwa aibu ni ya mtu aliyekosa. Si kweli. Mimi sikuwa nimekosa kitu, nilisalimia watu, na bado niliibeba muhula mzima kama mtoto mgongoni. Niliona aibu kwa kila kilichokuwa chetu. Kwa makofi yetu na magoti yetu, kwa nguo za Pasaka zilizovaliwa siku ya gulio. Nikakataa kukaa tena kwenye mashine ya pembeni. Gaspa aliniambia nijaribu upya bila salamu, watakubali, nikamwambia nina kazi za shule. Siku hizi ukurasa ule umerefuka, mtu ameweka ramani na zahanati na mengineyo, sijui ni nani. Mimi kile kitufe cha hariri sijakigusa tena.

Lakini aibu yenyewe hasa niliikuta nyumbani, likizo iliyofuata. Padre wa parokia alikuwa na vigango vingi, kwetu alifika kwa nadra, kwa hiyo Jumapili nyingi baba ndiye aliyeongoza ibada na kugawa komunyo iliyoachwa kwenye tabernakulo, kile kikasha cha altareni. Jumapili ya kwanza ya likizo hiyo tukapanga mstari. Mzee Filibati hakunyanyuka. Alikaa kwenye benchi lake la mbele akitazama bati, kwa maana hakutaka kupokea kutoka katika mkono uliomfuta, na kanisa zima liliona. Baba akagawa kana kwamba haoni. Nilipofika mimi akasema "Mwili wa Kristo," nikasema "Amina," na sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Alipomaliza kutugawia sote, alifunga tabernakulo, akapangusa vidole, akaenda kukaa. Yeye mwenyewe hakupokea.

Nilidhani nimeona vibaya. Jumapili ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Watu walinong'ona hadi kisimani. Mama nilipomuuliza alisema nimuulize mwenyewe, na mwenyewe sikuthubutu. Kichwa changu cha utoto kilipata jibu lake, nikalala nalo kila usiku. Niliamini kwamba juu nako kuna watu wanaoangalia, na kwamba baba amefutwa. Nami kila Jumapili nilipita mbele yake na mikono yangu imekunjwa, nikapokea, kwa sababu ningebaki nimekaa watu wangeuliza na mimi nina nini. Hakuna kitu kilichowahi kuniwia kigumu kumeza kama kile.

Mzee Filibati hakupokea kutoka mkononi mwa baba mpaka alipokufa, miaka mingi baadaye. Baba ndiye aliyeongoza mazishi yake, na alisimama kaburini akaeleza, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wachimbaji, kwamba baba wa marehemu aliibeba kengele ya kanisa letu akiwa upande wa mbele.

Padre alifika mwishoni mwa likizo ile. Aliwekewa kiti pembeni mwa kanisa, chini ya dirisha, watu wakapanga mstari wa kuungama, maana kwetu mwenye dhambi nzito hapokei komunyo kabla hajaiungama kwa padre. Baba, ambaye kwa kawaida alikuwa akiupanga mstari huo, safari hii alisimama ndani yake, nyuma ya wanawake na watoto wa katekisimu, na watu wakawa wanageuka kumtazama. Hakukaa muda mrefu pale magotini. Wakati wa Misa alikwenda kukomunika kama mtu mwingine yeyote.

Baada ya Misa tulitembea wawili kuelekea nyumbani, yeye akisukuma baiskeli. Mvua ilikuwa imenyesha, na tope la njia ile lilikuwa likinivuta ndala.

"Baba, umemwambia padre?"

"Nimemwambia."

"Amekukasirikia?"

"Hapana. Aliniuliza kama najuta."

"Ukamwambiaje?"

Alisimama akakwangua tope kwenye gurudumu kwa kijiti.

"Uongo nimeuungama, Skola," akasema. "Lakini kuhusu kukutetea wewe sijaungama kitu, na padre akikaa kusubiri niungame hilo, atazeeka palepale kitini."